Kiwanja Chako Katikati ya Barabara ya Basi

Mwanangu Rukia,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, na dua atakuombea mama yako, ambaye kwa dua ananizidi mbali. Karatasi hizi naziandika jioni hii wakati nyinyi wawili mko Majengo mnawaaga shangazi zako. Najua mtachelewa. Najua pia mtarudi kwa miguu, vumbi mpaka magotini, kwa sababu ikishapita alasiri hakuna gari hata moja linalotoka mjini kuja huku kwetu Migungani. Yaani nimepata nafasi ya kuandika barua ndefu kwa kuwa mji mkuu wa nchi hii hauna basi. Hilo peke yake linanipandisha hasira, na bado sijaanza.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji, na vijana wa Dar es Salaam nawaacha walivyo. Hayo mama yako anakuimbia tangu siku uliyotoka jeshini, na utafuata yale utakayotaka. Mimi nina jambo moja tu, nalo sikuthubutu kukwambia usoni kwa sababu ninapolisema sauti inanipanda na wewe unadhani nakugombeza.

Una kiwanja, Rukia. Kimetoka wiki mbili zilizopita, kimeandikwa jina lako lote bila kosa. Kipo hapa hapa mbele ya nyumba yetu. Na mimi baba yako nataka ukikatae.

Tafadhali usiikunje karatasi ukaenda kumwuliza mama yako. Yeye anajua, na hakubaliani nami, na nitakueleza kwa nini ana haki. Kwanza nikueleze kile kiwanja ni kitu gani.

Wewe uliletwa hapa kutoka Kondoa ukiwa mgongoni. Mimi nilikuwa kijana, mchoraji ramani katika ofisi iliyopewa kazi ya kupanga makao makuu, na nilikuwa na kiburi cha kijana aliyepewa kalamu nzuri. Ramani tuliyokuwa tukiichora haikuwa ya mchezo. Ilisema hivi: magari ya watu binafsi yapite pembezoni mwa mitaa, na katikati ya mitaa iwepo njia ya mabasi peke yake, hakuna gari jingine kuingia. Nyumba zizunguke vituo vya basi. Shule, soko na zahanati viwe hapo hapo kituoni. Mama mwenye mtoto mgongoni asitembee kwenda kituoni zaidi ya umbali wa kumwita mtu akasikia. Na mji usitawanyike. Ukijaa mtaa mmoja, basi linasogea mbele, ndipo mtaa mwingine unaanza. Basi kwanza, nyumba baadaye.

Ile njia ya mabasi iliyopita Migungani niliichora mimi kwa wino wa kijani. Nimechora mengi tangu wakati huo, mabomba na mitaro na makaburi, lakini hakuna mstari niliowahi kuupenda kama ule. Nilikuwa nikiona watu ndani yake. Nilimwona mama yako anashuka na kapu lake, nikakuona wewe umevaa sare, umeshika nauli ya mwanafunzi.

Wafanyakazi tuliporuhusiwa kuomba viwanja, wenzangu waliomba karibu na ofisi au kando ya lami. Mimi nikaomba cha pembeni huku, kinachotazamana na mahali ambapo kwenye ramani pameandikwa "kituo". Walinicheka. Mmoja akaniuliza kama naenda kuchunga. Nami nikawacheka moyoni, nikiamini kwamba wao hawajui kusoma ramani.

Sasa wewe unajua watu wa Kondoa mjini tulivyo. Babu zetu walifuata misafara ya biashara, wakakaa, na wakatuachia ugonjwa mmoja: nyumba bila baraza mbele si nyumba, ni ghala. Lazima liwepo lile benchi la kujengea ukutani, upande wa njia, mtu akae asalimie na asalimiwe, ajue nani kasafiri na nani kafiwa. Basi nikajenga nyumba yangu ikiangalia njia ya mabasi, na mbele nikajenga baraza refu la saruji, nikalipaka nakshi ya bluu. Jiko na choo nikaviweka nyuma, kwenye kichaka, ambako kwa mujibu wa ramani hapapiti mtu.

Babu yako mzaa mama alipokuja kuiona aliizunguka mara moja, akasimama barazani, akatazama mbele. Mbele palikuwa na migunga na mbuzi.

"Mkwe," akasema, "nyumba hii umeigeuzia wapi?"

"Nimeigeuzia barabara ya basi, baba."

Akatazama tena kwa adabu. "Naona mbuzi."

"Barabara inakuja, baba."

"Haya. Ikija utaniita."

Hakuitwa mpaka anakufa, Mungu amrehemu. Watu wakapita pale walipoona ni rahisi, yaani nyuma, kwenye kile kichaka changu kisichopitwa na mtu. Kwa miaka mingi wageni wetu wote waliingia kwa upande wa choo, wakaruka beseni la vyombo, wakapita kati ya mafiga. Hata posa ya dada yako mkubwa iliingia kwa mlango wa jikoni! Wewe ulikuwa mdogo ukijua kabisa la kumwambia mgeni: "Karibuni, angalieni majivu." Mlikuwa mnacheka. Mimi nilikuwa nikicheka nanyi huku nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe nilikuwa nikijitupia mimi, kana kwamba kosa langu lilikuwa kugeuza nyumba. Nimechelewa sana kujua kwamba nyumba ilikuwa sawasawa. Walioigeuka ramani ni wengine.

Utakumbuka lakini kwamba basi lilipita siku moja. Ulikuwa na miaka sita au saba. Walikuja wageni wakubwa, wengine wa ng'ambo, kuutazama mji unavyojengwa, na ofisi ikahangaika. Greda likapita Migungani kwa siku tatu, migunga ikang'olewa, na kituo kikajengwa kwa miti na mabati. Basi likaazimwa mahali fulani, likaoshwa mpaka likang'aa, na likapita na wageni mbele ya baraza letu taratibu, nasi tumekaa hapo tumevaa nguo za Idi. Mama yako alipiga vigelegele. Wageni waliposhuka kwenda kula, dereva akawapandisha nyinyi watoto, mkazunguka mara moja mkiimba. Uliporudi uliniambia, "Baba, kesho naenda nalo shule."

Asubuhi ulisimama pale kituoni na begi lako. Mimi nilikuwa nanawa uso, nikakuona dirishani, na sikuwa na ujasiri wa kutoka. Ni mama yako aliyekwenda kukushika mkono mkaanza kutembea. Jioni yake watu walikuwa wamekwisha chukua mabati.

Nakuambia haya kwa sababu unakwenda kusomea mipango miji, na huko watakufundisha kwamba miji yetu inatanuka hovyo kwa kuwa watu wetu hawajui kufuata mipango. Watasema watu wanavamia. Ukilisikia neno hilo, nakuomba ukumbuke ulivyosimama kituoni na begi. Wewe ulifuata mpango. Familia nzima tuliufuata mpango, mpaka tukaweka choo pale ulipotuelekeza.

Kilichofuata umekiona kwa macho yako ila ulikuwa mdogo mno kukijua jina. Shirika la mabasi likafa. Magari yake yakawekwa juu ya mawe nyuma ya gereji, kuku wakatagia ndani, kisha yakauzwa kama vyuma. Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Mimi siitukani ruksa, nilikuwa nimechoka kupanga foleni ya sabuni kama mtu mwingine yeyote, na mama yako alipopata khanga mpya bila kujuana na mwenye duka nilifurahi. Lakini kwenye usafiri waliruhusu nini? Waliruhusu mwenye gari alipeleke anakotaka. Naye anataka lami. Nani atamlaumu? Haisi za abiria zikajaa kando ya lami, nao watu wakafuata lami. Leo mji wa Dodoma umenyooka kuelekea Morogoro na kuelekea Singida kama kamba ya kuanikia nguo, nyumba upande huu na upande huu, na ukitoka barabarani hatua chache uko porini.

Na sisi ofisini tulifanya nini? Ndiyo, sema, tulifanya nini sisi wenye kalamu? Tuliendelea kugawa viwanja! Vikubwa, vya kuingiza gari na kugeuza, vikizidi kwenda mbali, kwa sababu vya karibu vilikuwa na wenyewe ambao walikuwa hawajavijenga na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Mtu wa kawaida akipewa kiwanja chake huko mwisho wa dunia anawekewa sharti ajenge upesi au anyang'anywe. Akijenga anajikuta hana maji wala basi, na mshahara wake wote unaishia njiani. Wakubwa wa ofisi wakanunuliwa magari ya kupanda milima, katika mji ulio tambarare. Nilikaa mikutanoni, Rukia, nikiandaa ramani za kubandika ukutani, nikasikia watu wazima wakijadili rangi ya magari hayo. Neno basi halikutajwa tena. Ile njia yangu ya kijani ikabaki kwenye karatasi na kwenye midomo ya watu, maana mpaka leo watu wa huku wanaiita barabara ya basi, hata watoto waliozaliwa juzi.

Kuna jambo langu mwenyewe hapa, na sitaliruka. Kabla ya viwanja kupimwa, ardhi hii ya Migungani ilikuwa mashamba ya Wagogo, uwele na karanga na mazizi ya ng'ombe. Ofisi ilipotaka wahamie ng'ambo ya korongo, mimi ndiye niliyetumwa na ramani nikawaeleze, kwa kuwa nilikuwa mpole na najua kusalimia. Niliitandaza ramani chini, nikaweka mawe kwenye pembe isipeperuke, nikawaonyesha mstari wa kijani. Niliwaambia, "Msiogope kuwa mbali. Hili basi litavuka korongo, litakuja mpaka mlangoni kwenu." Sikusema uongo. Niliamini. Lakini waliohama walihama kwa neno langu, na basi halikuvuka korongo.

Mmoja wao ni Mama Mwaluko, yule wa maziwa. Shamba lake ndilo hili iliposimama nyumba yetu. Hajawahi kunisema. Kila asubuhi anavuka korongo na ndoo yake kichwani, anapita hapa mbele, na ananisalimia, "Mbukwa, baba Rukia." Siku moja tu, mwaka wa njaa, alitua ndoo yake barazani apumzike, akaniuliza kama anauliza habari za jamaa aliyesafiri: "Baba Rukia, lile basi letu bado?"

Nikamwambia bado.

"Haya. Magari nayo huharibika njiani."

Akajitwika ndoo akaenda. Nilitamani angenitukana.

Ni yeye na wenzake wa Ng'ambo, kama tunavyopaita huko walikohamia, walioifanya ile njia iwe njia. Greda lilipoiacha ikaanza kuota miiba, wao wakaipasua kwa miguu, kwa kuwa ndiyo iliyonyooka, na ndiyo pekee inayofika kwenye kivuko cha korongo ambapo kingo zimelala. Kwanza wenye maziwa, kisha wanafunzi, wenye kuni, wenye baiskeli. Hatimaye baraza langu likapata watu wake. Wanatembea kwa miguu, lakini ni watu. Nimekaa hapo jioni kwa jioni nikisalimia mpaka koo linakauka, na nilikuwa nimeanza kuwa na amani. Nilijiambia: haya, basi hatukupata, lakini njia tumeilinda, na siku nchi itakapopata akili njia itakuwa ipo, haina haja ya kubomoa nyumba ya mtu.

Na masika yale ulipokuwa jeshini, mkamwana wa Mama Mwaluko alishikwa na uchungu. Walimfunga kwenye baiskeli, wanaume wawili wanasukuma, wakavuka kivuko maji yakiwa kiunoni. Alijifungulia hapa barazani kwetu, mama yako akiwa mkunga na khanga zake zote zikiwa pazia. Mtoto wa kiume, wamempa jina la Safari. Walipofika zahanati daktari alisema damu iliyomtoka yule binti isingengoja nusu saa nyingine. Kuzunguka kwa barabara kuu kutokea Ng'ambo ni zaidi ya saa nzima, hata kiangazi. Hesabu unaijua.

Sasa ndiyo nakuja kwenye kiwanja chako.

Mwezi uliopita walikuja vijana na vigingi vya saruji wakavipiga katikati ya barabara ya basi, kuanzia mjini mpaka korongoni. Nilitoka na kikoi nikawauliza mnafanya nini, wakaniambia, "Mzee, tumetumwa." Kesho yake nikamwendea mkuu wangu wa kazi. Ni kijana, ana adabu, aliniita mzee na kunivutia kiti.

"Mzee wangu, ile njia imekaa bure miaka yote hii," akasema. "Mabasi ya serikali hayapo tena na hayatarudi. Usafiri sasa ni private sector. Tuwe realistic. Ardhi ile katikati ya mtaa uliokwisha pimwa ni viwanja safi."

"Haijakaa bure. Watu wa Ng'ambo wanapita."

"Wale wamejenga kiholela, mzee. Hawamo kwenye ramani."

Rukia, nilihisi kichwa kinapasuka. Hawamo kwenye ramani! Niliwapeleka kule mimi, kwa ramani ya ofisi hiyo hiyo, nikiwa nimelipwa posho ya ofisi hiyo hiyo. Kwanza tuliwaondoa ili mji upangike, tukawanyima basi tuliloahidi, sasa tunawanyima hata mahali pa kukanyaga, halafu tunawaita waliojenga kiholela. Na kumbe wakisharefushiwa njia, nusu yao watahamia kando ya lami kama wengine, na mwaka unaofuata ofisi itaandika ripoti kwamba mji unatanuka bila mpango.

Nikamwambia nitaweka pingamizi, kwa kuwa nyumba yangu inapakana na ile njia, na ramani haiwezi kubadilishwa mpaka sisi tunaopakana nayo turidhie. Akatabasamu, si kwa dharau, kwa huruma, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Nyinyi mnaopakana ndio tuliowafikiria kwanza," akasema. "Kila nyumba imepata kiwanja. Nawe tumekukumbuka, mzee. Ila kwa vile wewe tayari unacho, tumemwandika binti yako. Atakuja kuwa mtaalamu wetu yule."

Ndivyo ilivyofanyika. Nyumba zote za mstari wetu zimepokea, na kupokea ndiyo kuridhia. Wengine wamekwisha leta mchanga. Na chako wewe wamekupa cha mwisho, hiki cha mbele yetu kinachoishia pale pale kivukoni. Vyote vingine mtu anaweza kuvizunguka kwa uchochoro. Chako kikijengwa, kivuko kimezibwa.

Niliandika pingamizi langu nikalipeleka. Karani wa ardhi alilisoma mpaka mwisho, akanirudishia. Akasema halipokeleki, kwa kuwa nyumba yangu imekwisha kufaidika. Nikasema basi nakirudisha kiwanja. Akasema siwezi, kwa kuwa si changu. Mwenye jina ni mtu mzima, aje mwenyewe akikatae kwa mkono wake, na hapo ndipo pingamizi litafunguliwa na ramani itarudi kusikilizwa mbele ya watu. Nilipiga meza. Nimefanya kazi ofisi ile ujana wangu wote na sikuwahi kupiga meza. Walinitoa nje kwa upole, wakinishika kiwiko, kama mgonjwa.

Nikaja nyumbani nikamweleza mama yako, nikitegemea atakasirika pamoja nami. Alikasirika kweli, lakini alinikasirikia mimi.

"Wewe umeoa ramani," akaniambia. "Dada yangu alitolewa kwenye nyumba ya mumewe Kondoa na kapu moja, baada ya watoto watano. Alilala kwetu sebuleni mpaka anakufa. Mwanangu mimi amepata ardhi kwa jina lake, hajaolewa, hana wa kumwambia toka, na baba yake mzazi ndiye anataka kumnyang'anya?"

"Na Mama Mwaluko?"

Si mtu mbaya mama yako, unamjua, na ni yeye aliyempokea yule mtoto kwa mikono yake. "Mama Mwaluko alikuwa na ardhi isiyo na jina lake," akasema. "Ona ilivyompata."

Anayosema ni kweli yote. Nikikwambia ukikatae, nakuomba ukose kitu ambacho mwanamke wa ukoo wetu hajawahi kukipata. Hutapewa kingine upesi. Utakaporudi na shahada yako wenzako watakuwa wameezeka, na wewe utakuwa ukipanga chumba kwenye mji unaoupanga. Pengine utanichukia kidogo. Na nisikudanganye kwa upande wa pili pia: ukikikataa, huenda wakasikiliza pingamizi dakika kumi na wakalitupa, wakampa kiwanja mtu mwingine, na Mama Mwaluko akazunguka vile vile. Nimekaa nao sana, najua wanavyosikiliza.

Lakini ukikipokea hakuna cha kusikilizwa. Hilo ndilo linalonichoma. Hawakutunyang'anya njia kwa nguvu. Wametugawia, kila nyumba kipande chake, ili siku ikikosekana pasiwe na mtu wa kusema iliibwa. Na wakatafuta jina la mtoto wangu wakaliweka kwenye kile kipande cha kuzibia.

Nimekuwa mtu mpole maisha yangu yote. Nilipoambiwa futa nilifuta, nilipoambiwa chora upya nilichora, nikisema moyoni kwamba mimi ni mchoraji tu na wakati utafika. Nadhani walinipendea hivyo. Sikwambii nawe uwe mkali, kwa tabia umetoka kwa mama yako na ukali unao wa kutosha. Nakwambia tu kwamba upole wangu haukunisaidia, na haukuwasaidia watu wa Ng'ambo, na miaka imekwenda.

Nawasikia wanafunzi wa Ng'ambo wanapita sasa hivi hapa mbele wakitoka shule, wanagombana juu ya mpira. Wanaruka vigingi mmoja baada ya mwingine kama mchezo. Nanyi hamjarudi.

Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, uisome usiku huu kabla hujafunga sanduku. Nimeshampa mama yako ahadi kwamba sitakusemesha juu ya jambo hili kwa mdomo, wala yeye hatakusemesha, na wewe hutuulizi. Ukikipokea, mimi ni baba yako vile vile, na kama Mungu akinipa uzima nitakusaidia kujenga, nawe utanisikia nikinung'unika kila tofali. Ahadi hiyo ni ya kweli.

Basi la Dar es Salaam linaondoka saa nne. Tutatoka mapema, sanduku lako nikiwa nimelifunga kwenye baiskeli, mama yako nyuma yetu. Njia yetu inapita mbele ya ofisi ya ardhi, nao hufungua saa moja na nusu. Nitakuwa nasukuma baiskeli na kutazama mbele. Sitasimama mpaka usimame wewe.

Baba yako